Nani kakwambia chumba kitapangwa mwaka mzima?

Siku hizi ukimtajia Tabora mtu mwenye akiba yake benki, atakwambia nunua nyumba ya kupangisha mapema, kabla treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, haijaanza kufika. Ndugu walioko Dar es Salaam na Mwanza wanapiga simu nyumbani kuulizia mitaa ya Ipuli, Kiloleni, Cheyo na Isevya. Madalali wanatuma picha kwa WhatsApp, na chini ya picha wanaweka hesabu fupi: vyumba vinane, elfu hamsini kila kimoja, mara miezi kumi na miwili. Hesabu hiyo haina kosa, mtoto wa darasa la nne anaipata. Kinachowaumiza wanunuzi ni namba zinazoingia kwenye hesabu. Elfu hamsini imetoka wapi? Nani kasema vyumba vyote vinane vitakuwa na watu? Na miezi kumi na miwili, kweli?

Anayenunua nyumba ya kupangisha anabashiri mambo ya mbele, hilo halikwepeki. Lakini anayejua kwamba anabashiri hujiuliza itakuwaje akikosea, akapunguza bei, akaacha akiba pembeni. Anayedhani kila kitu kimeshathibitishwa anauza shamba la baba yake akanunue, na mwaka wa tatu anaanza kuwalaumu wapangaji. Nimewaandikia hasa walio mbali, wanaonunua kwa simu, maana hao ndio wanaotegemea namba za watu wengine kuliko wote.

Miaka tisa inavyogeuka ishirini na miwili

Tuchukue mfano wa kubuni. Bei zake nimeziweka ili tuhesabu pamoja, si takwimu za soko. Nyumba ina vyumba vinane vya wapangaji, choo na bafu vya pamoja viko uani, inauzwa shilingi 45,000,000. Dalali anasema kila chumba ni 50,000 kwa mwezi, kwa hiyo 400,000 kwa mwezi, 4,800,000 kwa mwaka. Ukigawanya, miaka tisa na miezi kidogo nyumba imerudisha hela yake, na baada ya hapo ni faida tupu.

Sasa nenda kwenye nyumba yenyewe, au mtume mtu unayemwamini, bila dalali. Nenda jioni, saa kumi na mbili hivi, wapangaji wakiwa wamerudi na wanapika. Hesabu majiko yaliyowashwa uani. Hesabu ndoo na madumu ya maji yaliyopangwa mlangoni kwa kila chumba, halafu tazama makufuli. Kufuli lenye vumbi, na utando wa buibui kwenye kona ya fremu ya mlango, maana yake chumba hicho hakina mtu kwa muda mrefu, hata kama kwenye hesabu ya dalali kinalipa elfu hamsini kila mwezi. Salimia, kaa chini, eleza kilichokuleta. Watu wa Tabora hawana haraka na mgeni aliyesalimia vizuri. Mama anayepika atakwambia bila kuficha: "Sisi wa zamani tunalipa arobaini, mwanangu. Hao wapya wawili ndio wanaotoa hamsini. Na kile cha kona watu hawakai, kinavuja."

Kwa maneno hayo matatu hesabu imeshabadilika. Tuseme kile cha kona kitazibwa, kipate mtu. Vyumba sita kwa 40,000 na viwili kwa 50,000 ni 340,000 kwa mwezi, yaani 4,080,000 kwa mwaka badala ya 4,800,000. Kodi inayotangazwa hutofautiana na kodi inayolipwa karibu kila nyumba yenye wapangaji wa muda mrefu, na sababu yake si uzembe wa mwenye nyumba. Mama aliyekaa miaka saba analipa kwa wakati, anafagia uwanja, anajua nani kaingia na nani katoka. Mwenye nyumba anamwonea haya kumpandishia, na mimi naona ana akili, maana mtu wa namna hiyo akihama hapatikani mwingine kirahisi. Mnunuzi mpya anayekuja na mpango wa kupandisha wote hadi hamsini mwezi wa kwanza amebashiri mambo mawili kwa mpigo: kwamba watakubali, na kwamba wasipokubali kuna wengine wanangoja mlangoni.

Halafu kuna miezi mitupu. Mpangaji kahama, unapaka rangi, unabadilisha kitasa, unasubiri mwingine. Kila chumba kikikaa bila mtu mwezi mmoja tu kwa mwaka, umepoteza 340,000 na unabaki na 3,740,000. Mpangaji mmoja akiondoka usiku na deni la miezi miwili, toa 80,000 nyingine. Sasa uko kwenye 3,660,000, na bado hujagusa gharama hata moja.

Gharama ndipo watu wa kununua kwa simu wanapoteleza sana, kwa sababu nyingi hazionekani kwenye picha. Tabora mvua zinaanza Novemba zinakwenda hadi Aprili, na bati lenye kutu linaonekana zima kabisa Agosti. Mchwa hawana msimu, wanakula mbao za dari kimyakimya mpaka siku dari inashuka. Vyumba vinane vyenye watu watatu watatu ni watu 24 kwenye shimo moja la choo, kwa hiyo gari la kunyonya maji taka litakuja, swali ni mara ngapi. Tuweke matengenezo 450,000 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 1 tu ya bei ya nyumba, na choo 150,000. Ukiwa unaishi Dar es Salaam, kuna mtu atakayekukusanyia kodi. Hata akiwa mdogo wako wa damu, mlipe, kwa sababu kazi isiyolipwa hufanywa kwa miezi michache ya mwanzo tu. Tuseme asilimia 10 ya makusanyo, 366,000.

Kodi za serikali zina utata wake. Pango linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na kwenye mfano wetu hiyo ni 366,000 nyingine. Wengi hawaiweki kwenye hesabu kwa kuwa jirani yao hailipi, lakini hesabu inayosimama kwa kutegemea kwamba mamlaka haitakufikia ni hesabu mbovu. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na kuanzia Julai 2023 imekuwa 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kwa kuwa mpangaji ndiye anayenunua umeme, wenye nyumba wengi wanadhani mzigo huo ni wake. Kisheria ni wa mwenye nyumba, na mpangaji anayejua haki yake atataka ikatwe kwenye pango. Ukichanganya na kodi ya ardhi, tuweke 50,000.

Jumla ya gharama ni 1,382,000. Kinachobaki mkononi ni 2,278,000.

Na bei nayo si 45,000,000. Kuna dalali, kuna mwanasheria wa kuandika mkataba, kuna gharama za kuhamisha umiliki, kuna bati la chumba cha kona na tanki la maji. Tuseme vyote 5,000,000. Umeweka 50,000,000, unapata 2,278,000 kwa mwaka, yaani asilimia 4.6 hivi. Nyumba ile ile iliyokuwa inarudisha hela kwa miaka tisa sasa inahitaji karibu miaka 22, na ukimrudia dalali hutakuta neno hata moja alilokudanganya. Aliacha tu kusema.

Mji wa shule, lakini wanafunzi wanalala wapi?

Namba za nyumba moja unaweza kuzipata kwa jioni moja ya maongezi. Ngumu zaidi ni ile imani ya jumla kwamba Tabora wapangaji hawakosekani. Imani hii ina nguzo tatu, na kila moja ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni hatari.

Ya kwanza ni elimu. Tabora ni mji wa shule tangu enzi za mkoloni, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Tabora Boys. Lakini Tabora Boys na Tabora Girls ni shule za bweni, na mwanafunzi anayelala bwenini hapangi chumba chako Kiloleni. Wapangaji wako watoke kwenye vyuo: Chuo cha Ardhi, Chuo cha Reli, Chuo cha Utumishi wa Umma, AMUCTA (Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo) na vingine vya afya na ualimu. Hapo usiulize chuo kina wanafunzi wangapi. Uliza wangapi wanakaa nje ya chuo, wanalipaje, na wakati wa likizo nani analipia chumba. Mwanafunzi anayelipa kwa semista anaweza kukuachia miezi miwili au mitatu mitupu kila mwaka, na sisi tulihesabu mmoja tu.

Uliza pia kama chuo kina mpango wa kujenga hosteli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua hosteli mpya mwaka 2017, wanafunzi 3,840 walipata vitanda kwa mara moja. Kila kitanda kimoja pale ni mtu mmoja ambaye hahitaji tena chumba cha mtaani. Chuo cha Tabora hakitajenga kwa ukubwa huo, lakini hosteli ya vitanda mia mbili tu inatosha kuukausha mtaa mzima uliokuwa unategemea geti moja la chuo.

Nguzo ya pili ni idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoa wa Tabora, na ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Ongezeko la zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi ni kubwa, na madalali wameshajua kulitaja. Ila huo ni mkoa, wenye Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui, Igunga na Nzega ndani yake. Watu wengi wa mkoa huu wanaishi vijijini, wanalima tumbaku, mahindi, pamba na mpunga, wanafuga, na wanakaa kwenye nyumba zao wenyewe au za wazazi wao. Mtoto aliyezaliwa Kaliua mwaka 2015 yumo kwenye ongezeko hilo, na hatapanga chumba mjini kabla ya miaka mingi, pengine asipange kabisa. Tena watu wanapoongezeka mjini, wajenzi nao wanaongezeka. Zunguka pembezoni mwa Ipuli na Malolo uone misingi iliyochimbwa na tofali zilizopangwa. Wenye misingi hiyo wengine ni wapangaji wa leo wanaojiandaa kuhama, na wengine ni wenye nyumba wa kesho watakaogombea wapangaji na wewe.

Nguzo ya tatu ni reli, na hii nataka tuikalie.

SGR inakutana Tabora kweli. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Tabora hadi Isaka, kilomita 165, ulifuata Julai 2022, na Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, Desemba mwaka huo huo. Kwa hiyo hakuna anayezusha anaposema mji utakuwa njia panda. Kinachobaki bila kuulizwa ni nani hasa, kwa sababu ya reli hiyo, atakuja kulipa 50,000 kwa mwezi kwa chumba chenye choo cha uani.

Wapo watu wa aina mbili, na wanunuzi wengi wanawachanganya. Wa kwanza ni wajenzi: mafundi, madereva wa malori, walinzi, wapishi, mama ntilie wanaowafuata. Hawa wanapanga vyumba haraka, na mara nyingi wanalipa bila kubishana sana. Lakini wanakuja na kazi na wanaondoka na kazi. Reli ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912, na kufikia 1914 ilikuwa Kigoma, na wajenzi wake walikwenda nayo. Mfano wa karibu zaidi uko Sojo, wilayani Nzega, kwenye kiwanda cha kuvika tabaka la kinga mabomba ya mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Bomba lile lina kilomita 1,443. Idadi ya mabomba ya kuvikwa inajulikana, na la mwisho likishapita kiwandani, kazi hiyo imekwisha. Mtu aliyejenga vyumba vya kupangisha jirani na mradi wa namna hii anapaswa kuhesabu faida yake kwa miaka ya mradi, si kwa maisha ya nyumba.

Aina ya pili ni watu watakaoletwa na reli ikishaanza kazi: wafanyakazi wa kituo na karakana, wafanyabiashara wa mizigo, maofisi yatakayofunguliwa. Hawa ndio wa kudumu, ila ni wachache kuliko wajenzi, na mwenye mshahara wa kudumu hataki chumba cha choo cha pamoja. Anataka chumba na sebule, au nyumba nzima yenye choo ndani, maji na uzio. Kuna na upande ambao hauzungumzwi: safari ikiwa fupi, watu waliokuwa wanalala Tabora kungoja treni ya kuunganisha hawatakuwa na sababu ya kulala. Na kama kituo kitakuwa mbali na mtaa wako, ongezeko la kodi linaweza kutua huko kituoni, kwako lisifike.

Sisemi reli haitaleta kitu. Naamini italeta. Nasema muuzaji wa leo naye ameshaisikia habari ya reli, na ameshaiweka kwenye bei. Ukimlipa leo kwa ajili ya wapangaji watakaokuja baada ya miaka sita, faida ya reli ameshaichukua yeye, na wewe umebakiwa na hatari ya mradi kuchelewa.

Jambo hilo hilo liko kwenye maji. Kwa miaka mingi nyumba yenye kisima Tabora ilikuwa na thamani ya pekee, kwa sababu mji ulitegemea bwawa la Igombe na mgao ulikuwa wa kawaida. Kisha maji ya Ziwa Victoria yakaletwa kwa bomba hadi Nzega, Igunga na Tabora. Mtu anayekuuzia kisima kwa bei ya zamani anakuuzia faida ambayo jirani mwenye bomba anaweza kuwa nayo pia. Waulize wapangaji maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Jibu lao ndilo litakalokwambia kisima kile kina thamani gani leo.

Ukikopa, ukilinganisha

Kuhusu mkopo nitasema kwa ufupi, kwa sababu namba zinajieleza. Riba za mabenki yetu kwa wastani ziko karibu na asilimia 15. Ukikopa 30,000,000 kwa riba hiyo, mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia 4,500,000, na nyumba yetu inaingiza 2,278,000. Tofauti utaitoa kwenye mshahara. Mtu anayesema "nyumba itajilipia mkopo wake" aonyeshe karatasi.

Kulinganisha ni muhimu zaidi, na watu wanaruka hatua hii kwa sababu nyumba inaonekana kwa macho na hatifungani, yaani hati ya kuikopesha serikali kwa riba, haionekani. Hatifungani ya serikali inayouzwa na Benki Kuu unaweza kuanza nayo kwa shilingi 1,000,000. Hatifungani ya miaka 25 iliwahi kutoa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56. Tuchukue 12. Milioni 50 inakupa 6,000,000 kwa mwaka, bila kodi ya zuio kwenye riba hiyo, bila bati, bila choo. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya nyumba yetu.

Hapo mtetezi wa nyumba atasema riba ya hatifungani haipandi, mtaji unaliwa na mfumuko wa bei, na nyumba inapanda thamani. Ni kweli, na ni hoja nzito. Lakini tazama kilichotokea kwenye mazungumzo: tulianza kwa kusema tunanunua kwa ajili ya kodi ya pango, sasa tunasema tunanunua kwa ajili ya bei kupanda. Ni biashara tofauti, na ina ubashiri wake wa kuhakiki. Nyumba zilizouzwa mtaa huu miaka mitano iliyopita ziliuzwa bei gani, na sasa zinauzwa gani? Zilizouzwa kweli, si zilizobandikwa tangazo. Mwenyekiti wa mtaa anajua, kwa sababu mauziano mengi yanapita mezani kwake. Kilichopanda ni kiwanja au jengo? Mara nyingi ni kiwanja, na jengo linachakaa. Kama ni hivyo, kiwanja kitupu pembezoni kinaweza kukufaa kuliko vyumba vinane vyenye dari inayoliwa na mchwa. Na ukitaka kuuza, utakaa miezi mingapi kumpata mnunuzi mwenye fedha taslimu Tabora?

Ubashiri upi ukivunjika, nyumba haifai?

Hakuna mwenye muda wa kuhakiki kila kitu kwa uzito sawa. Kwa hiyo baada ya kupata hesabu ya kweli, badilisha namba moja moja uone ipi inaitikisa zaidi.

Kwenye mfano wetu, ukisimamia nyumba mwenyewe bila kumlipa mtu, faida inapanda kutoka asilimia 4.6 hadi 5.3. Vyumba viwili vya 40,000 vikikosa watu mwaka mzima, inashuka hadi 3.1. Wapangaji wote wakikubali kulipa 50,000, na mengine yote yabaki kama tulivyoyahesabu, inapanda hadi karibu 5.6. Na muuzaji akikubali 36,000,000 badala ya 45,000,000, inafika pale pale, karibu 5.6.

Hizo mbili za mwisho ndizo zinazonishughulisha. Kupandisha kodi za watu wote na kupunguza bei kwa milioni tisa vinakufikisha mahali pamoja. Lakini la kwanza linategemea uvumilivu wa kaya sita, hali ya uchumi wa mji na msimu wa tumbaku, kila mwezi, kwa miaka. La pili linategemea mazungumzo ya siku moja na muuzaji, na likishaandikwa kwenye mkataba halirudi nyuma. Watu wanatumia nguvu nyingi kuwaza watakavyopandisha kodi, na dakika kumi kujadili bei. Ningegeuza.

Kuna ubashiri mmoja ambao haubadilishi asilimia, unafuta kila kitu: kwamba anayekuuzia ana haki ya kuuza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa sababu tu ndiye anayekaa na funguo, lazima awepo msimamizi wa mirathi. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007, na reli nayo ina hifadhi yake. Vyumba vya fremu vinavyopangwa haraka kwa sababu viko barabarani kabisa ndivyo vya kupimwa kwanza kwa futikamba. Kama kuna hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Kama ni barua ya mauziano tu, nenda kwa majirani wa pande zote nne, kila mmoja kwa wakati wake, uwaulize mpaka uko wapi na nani mwenye mali. Hodi za namna hii zinachosha, na nakuomba usizikwepe.

Halafu kuna jambo dogo ambalo karibu kila mnunuzi hulisahau. Tabora, kama kwingine nchini, wapangaji wengi wanalipa kwa miezi mitatu, sita, wengine mwaka mzima mbele. Ukinunua nyumba Machi, inawezekana wapangaji watano wameshamlipa muuzaji hadi Agosti. Hela hiyo iko mfukoni mwake au ameshaitumia, na wewe utakaa miezi mitano ukiwa na nyumba, matengenezo, choo na LUKU, bila kodi. Mpangaji hana kosa, hawezi kulipa mara mbili. Omba daftari la kodi na mikataba ya wapangaji, linganisha na ujumbe wa malipo kwenye simu zao, piga jumla ya kilicholipwa mbele kuanzia tarehe ya kukabidhiwa, na kiasi hicho kikatwe kwenye bei kabla hujasaini. Kwa vyumba vitano vya 40,000 kwa miezi mitano, ni shilingi 1,000,000. Muuzaji akikataa kuonyesha daftari, usisaini siku hiyo.